Jembe na Daftari

Kata ya Zagayu imo katika Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, katika nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Bariadi. Wenyeji wake ni wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Pamba hupandwa mwishoni mwa mwaka, mvua zinapoanza. Ikifika Januari, magugu nayo yameota, na palizi haingoji. Mwezi huo huo ndio shule hufunguliwa. Basi jembe na daftari humgombania mtoto mmoja.

Hatusemi kwamba mtoto asifanye kazi. Kuchota maji, kufagia ua na kusaidia shambani baada ya masomo ni sehemu ya malezi. Bali yapo maswali matatu yampasayo kila mzazi kujiuliza. Je, kazi hii yamnyima mtoto shule? Je, yazidi nguvu zake? Je, yaweza kumdhuru, kama vile kupulizia pamba dawa ya wadudu? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, hayo si malezi tena, ni utumikishaji.

Sheria nayo imeweka mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Naye aliyefikia umri huo hupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada toka shule ya msingi hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare na madaftari hununuliwa, tena mwezi wa Januari, ambapo fedha za pamba iliyouzwa katikati ya mwaka zimekwisha.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, pamba iuzwapo, fedha za shule ziwekwe kando kabla ya matumizi mengine. Pili, jamaa isilime ekari nyingi kupita mikono ya watu wazima. Na majirani wapalilie kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tatu, ng'ombe wa nyumba kadhaa wachungwe pamoja na mtu mzima, ili vijana waende darasani.

Mavuno yaliyopungua mwaka huu yaweza kufidiwa mwakani. Bali mtoto aachwaye nyuma na wenzake kila Januari, mwishowe huiacha shule kabisa. Wazazi wapenzi, uamuzi wa nani ashike jembe na nani ashike daftari haufanywi Januari. Hufanywa siku ile pamba inapouzwa.