Unauza vifaranga vya samaki mtandaoni? Wafundishe wateja kwa kundi, tena bwawani

Somo la leo ni la wale mnaouza vifaranga vya samaki au chakula chao kupitia WhatsApp na Facebook.

Niliwahi kumuuzia dada mmoja vifaranga 500 vya sato. Maelezo yote nikamtumia kwa ujumbe wa sauti, dakika sita nzima. Kesho yake asubuhi naamka na picha: vifaranga wengi wamekufa, wanaelea. Kumbe alikata mfuko akawamwaga bwawani hapo hapo. Nilikuwa nimesema auache mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha aingize maji ya bwawa kidogo kidogo. Alisikia, ila hajawahi kuona. Hasara yake, jina baya langu.

Maafisa ugani wana dawa ya hili: shamba darasa. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, FAO ikiwa nyuma yake. Watu kama 25 wanakutana shambani msimu mzima, wanapima, wanabishana, wanaamua. Mwalimu anauliza zaidi kuliko anavyosema. Kwa wafugaji wa samaki, darasa ni bwawa.

Wewe muuzaji huna msimu mzima, una asubuhi moja. Omba bwawa la mteja mmoja, waite wenzake 10 hadi 15. Wakizidi hapo wa nyuma wanaangalia migongo. Na fundisha jambo moja tu.

Tuseme ni kulisha. Jua likiwa bado halijakali, vueni samaki 20, mpime kwenye ndoo yenye maji (uzito wa ndoo na maji mmeshautoa). Wamefika kilo 1? Basi wastani ni gramu 50 kila mmoja. Kama bwawa lina samaki 500, hiyo ni kilo 25. Mkilisha asilimia 3 ya uzito, ni gramu 750 kwa siku, zigawanywe mara mbili. Wavu, mizani na kalamu vishikwe na wao! Ukishika wewe, umerudi kwenye ile sauti ya dakika sita. Halafu kila mtu apige hesabu ya bwawa lake mwenyewe. (Wavu uwe wa bwawa hilo hilo, usije ukasambaza magonjwa kwa wateja wako.)

Hapo ndo utamgundua anayemwaga kopo zima kwa kukadiria. Usimcheke. Ukimuaibisha, wenzake wote wataficha makosa yao. Uliza tu: nani mwingine amewahi kufanya hivi, na maji yalikuwaje baadaye? Mara nyingi jibu zuri litatoka kwa mteja mwenzake, na litaaminika kuliko lako, maana yeye hauzi chakula.

Mimi siku hiyo siuzi kitu. Ukitaja bei katikati ya somo, watu wanaona wameitwa sokoni. Kundi la WhatsApp linakuja baadaye, la kukumbushana: baada ya wiki mbili kila mmoja atume picha ya mizani yake.

Yule dada nilimfidia nusu ya vifaranga, naye akakubali darasa la kwanza lifanyike kwake. Mfuko aliuweka majini yeye mwenyewe, wenzake wakihesabu dakika.