SOMO LA ROBO HII: KUSHUA NA KUPANDISHA BOTI YA TRELA UFUKWENI



Parokia inaponunua boti, watu hufikiria safari: mama mjamzito wa kisiwani afikishwe hospitali, chanjo zifike zikiwa bado baridi ndani ya kisanduku. Ni wachache wanaofikiria zile mita chache za mchanga zilizo kati ya banda la boti na maji. Lakini boti ndogo huumia sana hapo, na watu huvunjika vidole na miguu. Somo hili linahusu mahali pasipo na gati wala sakafu ya zege. Mifano ni ya pwani ya Tanzania. Walio kwenye maziwa wanaweza kuruka habari za kujaa na kupwa. Mengine yote yanawahusu.

Kwanza tuyajue maji

Mvuvi wa pwani haendi ufukweni bila kujua mwezi una siku ngapi, na kamati nayo ijifunze hivyo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua, ambapo tofauti ya maji makuu na maji madogo hufika mita 3 hadi 4. Nusu ya mwezi ikifika, maji ni mafu na tofauti ni ndogo. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne au tano.

Tufanye hesabu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, lakini maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huenda polepole. Katika saa ya tatu na ya nne hushuka karibu nusu ya kimo chote. Chukua ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 20, na maji yanayopwa mita 3. Katika saa hizo mbili yatashuka mita 1.5, yaani ukingo wa maji utarudi nyuma mita 30. Boti iliyoachwa ikielea kidogo huku mkimngoja muuguzi itapwelewa, na mgonjwa atangoje maji yarudi.

Kwa hiyo tunashauri kushua wakati maji yanajaa, maana boti ikikwama maji yataifuata. Kwa gari ni kinyume chake: likikwama maji yakijaa, linazama. Njia iliyo salama ni gari lisifike kwenye maji kabisa. Libaki juu penye mchanga mgumu, na trela ishushwe kwa kamba nene ya mita 20 au 30. Mchanga upimwe kwa kisigino: kikididimia, gurudumu nalo litadidimia. Kupunguza upepo wa matairi ya trela husaidia sana, mradi pampu iwepo ya kuyajaza kabla ya kurudi barabarani. Mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu zisikosekane.

Kushua

Kama trela imetoka mbali, beringi za magurudumu huwa za moto. Zikiingizwa majini ghafla hupoa na kunyonya maji ya chumvi ndani, kisha hula kutu. Ngojeni hadi kitovu cha gurudumu kiguswe kwa mkono bila kuunguza. Muda huo utumieni kukagua: kizibo cha kutolea maji kimefungwa, mashine imeinuliwa, waya wa taa za trela umechomolewa, mizigo na madumu ya petroli yameshushwa. Mikanda ya nyuma ifunguliwe ukingoni mwa maji, lakini waya wa omo usiachiwe mpaka boti ielee.

Boti hutangulia kwa tezi, na tezi ndiyo sehemu iliyo chini. Wimbi moja likiingia hapo, boti hujaa maji. Basi ikielea tu, watu wawili waliokwisha kushika omo waigeuze ielekee mawimbi. Asisimame mtu yeyote kati ya boti na nchi kavu, kwa kuwa wimbi husukuma boti upande huo, na boti ya kilo mia kadhaa haizuiliki kwa magoti ya mtu. Mashine isiwashwe kwenye maji ya kimo cha goti. Itanyonya mchanga na kuharibu pampu ya kupozea, na panga boi litakuwa karibu na miguu ya watu.

Kupandisha

Hii ndiyo kazi ngumu zaidi, kwa sababu wote wamechoka na wanataka kwenda nyumbani. Abiria washuke, mizigo itolewe, mashine izimwe na kuinuliwa. Trela iingizwe kiasi cha kupokea omo tu. Ikizama mno boti itaelea pembeni na kukaa upande. Ngojeni wimbi liinue boti ndipo mvute. Mkono wa winchi ukiponyoka huzunguka kwa nguvu, hivyo anayeuzungusha asiinamie juu yake, wala mtu asikae kwenye mstari wa waya. Boti ikishapanda, fungueni kizibo kabla ya kuikokota, kwa maana lita 100 za maji ni kilo 100 za ziada.

Jioni hiyohiyo trela ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na beringi zitiwe grisi kwa ratiba. Hapa tunawaomba wafadhili wetu: bajeti ya boti isiyo na fungu la trela, kamba, beringi na grisi ni bajeti ya safari chache tu.

Nani anaamuru?

Ufukweni awepo mmoja tu wa kutoa amri, naye awe na mamlaka ya kukataa. Wakati wa kusi, mawimbi yanapovunjika ufukweni, kukataa kwake kuheshimiwe, hata kama mgeni kutoka kwa wafadhili amekwisha kuvaa jaketi okozi.

Kwa kujadili katika kikao: Kwetu ni nani mwenye amri hiyo, na anayemsaidia akiwa safarini ni nani? Bamvua ijayo ni lini? Nani alitia grisi mara ya mwisho, na imeandikwa wapi?