Galaksi Zilizozeeka Mapema

Usiku usio na mwezi, mtu asimamaye juu ya majabali ya Mkolani, karibu na Mwanza, huona angani ukanda mweupe kama moshi. Ukanda huo huitwa Njia Nyeupe, nao si moshi, bali ni nyota nyingi mno zikaazo pamoja. Jua letu ni moja katika hizo. Jamii kubwa ya nyota namna hii huitwa galaksi.

Galaksi zote si za umbo moja. Njia Nyeupe ni bapa kama sahani, na nyota zake huzunguka upande mmoja kama wacheza ngoma katika duara. Nyingine zina umbo la yai, nazo huitwa galaksi za duaradufu. Nyota zake huenda huku na huku kama nyuki mzingani, na nyingi ni nyekundu na kongwe.

Je, zilitokeaje? Umri wa ulimwengu ni miaka kama milioni 13,800. Galaksi kubwa za duaradufu zilizaa nyota zao nyingi katika miaka milioni 3,000 ya kwanza. Zamani hizo galaksi changa zilikuwa karibu karibu, zikagongana na kuungana. Gesi iliyokuwamo ikasongamana, nyota zikazaliwa kwa wingi na kwa haraka. Kisha gesi ikapungua; iliyosalia ikapashwa moto au kufukuzwa na nguvu zitokazo kando ya shimo jeusi lililo katikati. Pasipo gesi baridi, hapana nyota mpya. Nyota kubwa za buluu ziliungua upesi zikafa. Zikabaki ndogo nyekundu, kama makaa baada ya miali kuzimika.

Watu wamejuaje mambo ya kale hivi? Nuru ni kama barua iliyokawia njiani: huleta habari za siku ilipoandikwa. Darubini ya Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hupokea nuru iliyosafiri zaidi ya miaka milioni 13,000.

Njia Nyeupe haikumaliza gesi yake mapema. Kwa hiyo jua liliweza kuzaliwa miaka kama milioni 4,600 iliyopita, wakati galaksi nyingi kubwa za duaradufu zilipokuwa zimekwisha koma kuzaa. Kama gesi yote ingalikwisha mwanzoni, jua letu lisingalikuwako, wala dunia, wala Ziwa Viktoria. Wazee husema, Akiba haiozi.

Maswali
1. Kwa nini galaksi za duaradufu ni nyekundu?
2. Kwa nini nuru hufananishwa na barua?
3. Gesi iliyobaki katika Njia Nyeupe ilitufaa nini?