Fundo na Mkao wa Ndoano ya Manyoya Majini

Ndoano ya manyoya ni ndoano iliyovikwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au kidagaa, na jinsi inavyokaa majini hutegemea si mavazi yake tu bali pia mahali uzi unapoishika. Uvuvi wa aina hii ulipata makao Afrika Mashariki baada ya mlowezi Ewart Grogan kupandikiza samaki aina ya trauti katika Mto Gura, Kenya, mwaka 1905. Hata hivyo, mvuvi wa Kigali, asiye na trauti karibu, ana maji mawili ya kujifunzia, yaani Ziwa Muhazi lililotulia na Mto Nyabarongo wenye mkondo.

Fundo linalokazwa barabara kwenye tundu la ndoano huifanya ndoano ifuate uzi kikakamavu, jambo ambalo ni hasara Muhazi, ambako sato hupata muda wa kukagua anachotaka kumeza. Hapo hufaa kitanzi kisichojikaza: hupigwa fundo legevu kwenye uzi, ncha ikapitishwa tunduni na kurudishwa ndani ya fundo lile, ikazungushwa mara tano au zaidi kwenye uzi mkuu (uzi mwembamba huhitaji mizunguko mingi zaidi), kisha ikarudi tena ndani ya fundo, na yote yakalowanishwa kwa mate kabla ya kuvutwa, kwa kuwa nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano na kudhoofika. Ndoano hubaki ikining'inia kwa uhuru, ikitikisika kwa kila mvuto mdogo.

Mtoni hutakiwa kinyume chake, na hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo. Wavuvi wa samoni wa Portland Creek, huko Newfoundland nchini Kanada, walizoea kuongeza vizingo viwili, yaani vitanzi vinavyovishwa kichwani mwa ndoano iliyokwisha kufungwa na kukazwa nyuma ya kichwa hicho, ili uzi utokee ubavuni badala ya mbele. Mkondo unapoipeleka ndoano kutoka ng'ambo kuja upande wa mvuvi, mvuto huo wa ubavuni huinua kichwa chake, nayo ikateleza juu ya maji ikiacha mkia wa viwimbi, alama ambayo katika maji ya udongo kama ya Nyabarongo huenda ikaonekana kuliko rangi yoyote ya manyoya. Sharti ni uzi utokee kwenye ubavu unaotazama ukingo aliposimama mvuvi. Akivuka kwenda ukingo wa pili, vizingo hufunguliwa na kufungwa upya ubavu wa pili.