Homoni ya Parathairoidi: Kazi Yake Mwilini na Maana ya Kipimo Chake

Kipeperushi hiki ni kwa ajili ya mgonjwa aliyeagizwa kupimwa homoni ya parathairoidi, ambayo kwenye fomu ya maabara huandikwa PTH. Jambo la msingi la kukumbuka ni hili: kipimo cha PTH hakisomwi peke yake. Husomwa pamoja na kiwango cha kalsiamu katika damu iliyotolewa wakati uleule.

Homoni hii hufanya kazi gani?

Nyuma ya tezi ya thairoidi, shingoni, watu wengi wana tezi nne za parathairoidi, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele. Majina yanafanana, lakini kazi ni tofauti. Tezi hizi huchunguza kalsiamu ya damu wakati wote. Ikipungua hata kidogo, hutoa PTH, ikizidi, huizuia. PTH huongeza kalsiamu katika damu kwa njia tatu:

- huichota kutoka mifupani, ambamo takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imehifadhiwa;
- huzifanya figo zizuie kalsiamu isipotee katika mkojo, na wakati huohuo zitoe fosfeti;
- huzifanya figo zikamilishe vitamini D, ambayo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula.

Kwa hiyo kalsiamu ya damu yaweza kuonekana ya kawaida ilhali mifupa ndiyo inayolipa gharama.

Funzo kutoka Johannesburg

Mwaka 1978, Daktari John Pettifor na wenzake wa Hospitali ya Baragwanath, Soweto, walichapisha utafiti kuhusu watoto wenye matege waliotoka vijijini Afrika Kusini. Tatizo lao halikuwa ukosefu wa jua, bali chakula chenye kalsiamu haba. Upungufu wa namna hiyo unapodumu, PTH hupanda, fosfeti hupotea katika mkojo, na mifupa ya mtoto hukosa madini ya kuiimarisha. Jua la Johannesburg huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D mwaka mzima, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya kalsiamu. Mpe mtoto maziwa au mtindi, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharage na sukuma wiki.

Majibu husomwaje?

- Kalsiamu juu, PTH juu au ya kawaida: huenda tezi moja au zaidi inatoa homoni kupita kiasi. Kalsiamu ikizidi, PTH hupaswa kushuka. Hivyo PTH iliyobaki katika kiwango cha kawaida nayo ni dalili.
- Kalsiamu juu, PTH chini: chanzo kiko nje ya tezi hizi, kwa mfano saratani, kifua kikuu au vitamini D iliyozidi. Uchunguzi usicheleweshwe.
- Kalsiamu chini au ya kawaida, PTH juu: mara nyingi tezi zinafidia upungufu wa vitamini D au kalsiamu, au ugonjwa sugu wa figo.
- Kalsiamu chini, PTH chini au isiyopanda: huenda tezi zimedhurika, hasa baada ya upasuaji wa shingo, au magnesiamu imepungua mno.

Ukiwa na majibu ya zamani kutoka nchi nyingine, tazama kizio cha kipimo. Pikomoli 5 kwa lita ni sawa na takriban pikogramu 47 kwa mililita: namba ni tofauti, kiasi ni kilekile.

Kabla ya kutoa damu

Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, zikiwemo lithi, dawa za kuongeza mkojo, na vidonge vya kalsiamu au vitamini D. Taja pia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, kwa kuwa vyaweza kupotosha kipimo. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa bila ushauri.

Tafuta huduma bila kukawia

Nenda hospitali mara moja ukipata ganzi au mchonyoto kuzunguka mdomo na vidoleni, misuli kukakamaa au degedege; vilevile ukipata kiu kali, kutapika, kukojoa sana na kuchanganyikiwa. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Kifungu cha 27(3) cha Katiba ya Afrika Kusini kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Sheria ya Kitaifa ya Afya ya mwaka 2003 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, inapowezekana, kwa lugha unayoielewa. Usipoelewa, omba mkalimani. Kisha uliza maswali mawili: kalsiamu yangu ni kiasi gani, na PTH yangu inalingana nayo?