Mkojo wa Rangi ya Chungwa Usikuachishe Dawa za TB

Mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu anapaswa kuambiwa siku ileile anapokabidhiwa vidonge: mkojo wako utakuwa wa rangi ya chungwa, au hata mwekundu. Asipoambiwa atadhani anakojoa damu, na huenda akaacha dawa kimyakimya. TB iliyokatishwa tiba inaweza kurudi ikiwa sugu.

Rangi hiyo inatokana na rifampisini. Dawa yenyewe ni nyekundu, na mwili unapoitoa, rangi hutoka nayo. Jasho, mate na machozi pia huweza kubadilika, kwa hiyo shati jeupe likiingia doa kwapani usishtuke. Anayevaa lenzi laini za macho atumie miwani hadi amalize tiba, maana lenzi hizo zikishika rangi haitoki. Kwa kawaida tiba ni ya miezi 6, na rifampisini humezwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, dawa hizohizo za TB zinaweza kudhuru ini, na ini likiumia mkojo nao hubadilika. Hapa ndipo pa kuwa makini. Rangi ya rifampisini ni ya chungwa; hukolea saa chache baada ya kumeza, kisha hufifia. Mkojo wa ini lililoumia ni wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na hubaki hivyo kutwa. Usitegemee mkojo peke yake. Simama penye mwanga wa mchana, mtu wa nyumbani akutazame weupe wa macho. Ukiwa wa njano, au ukiwa unatapika, chakula hakipiti, au unaumwa chini ya mbavu za kulia, usimeze dozi inayofuata. Nenda kliniki siku hiyohiyo.

Dawa nyingine nazo hubadilisha rangi: metronidazoli huweza kuleta wekundu wa kahawia, na vidonge vya vitamini B huleta njano inayong'aa. Hazina neno. Lakini mgonjwa wa malaria akikojoa mkojo mweusi, apelekwe hospitali mara moja. Damu inayotoka mwishoni mwa haja ndogo, hasa kwa mtoto anayeogelea ziwani au mtoni, ipimwe kichocho.

Wauguzi na wafamasia, tafadhali: mwambieni mgonjwa habari ya rangi hii kabla hajatoka dirishani na dawa zake.