Je, Yafaa Mkristo Ajitolee katika Utafiti wa Macho?

Masomo: Luka 14:28-30, 1 Wakorintho 12:14-26



Pengine siku moja watu wa hospitali watafika kijijini kwenu na kusema, "Twatafuta watu wa kujitolea, ili tujifunze habari za ugonjwa wa macho." Ndipo wengine watakimbilia, wakidhani ni siku ya kuponywa, na wengine watakimbia, wakidhani macho yao yataharibiwa. Kisha hawa na hawa watamwendea mwalimu wao na kumwuliza, "Tufanyeje?" Mwalimu atawajibu nini? Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

1. Utafiti si matibabu

Mtu akiumwa macho na kwenda hospitali, daktari humtafutia dawa iliyokwisha kujulikana. Lakini katika utafiti madaktari hutafuta jambo wasilolijua bado: kama dawa hii yaishinda ile, au kama njia hii yazuia upofu. Mara nyingi hupiga kura, wengine wapate njia hii na wengine ile, kisha huwalinganisha. Kwa hiyo ajitoleaye hachagui kundi lake, wala hawezi kuahidiwa kwamba atapona. Yamkini atapata faida yeye mwenyewe. Yamkini faida itawapata watu asiowajua, baada ya miaka mingi.

2. Mifano miwili ya Tanzania

Uko ugonjwa uitwao trakoma, nao wengi huuita vikope. Vijidudu vyake huenezwa kwa vidole, kwa nguo za kufutia uso, na kwa nzi. Mtoto akiupata tena na tena, upande wa ndani wa kope hufanya makovu. Makovu huvuta kope, hata nywele zake zikageukia ndani na kulikwaruza jicho kila apepesapo. Mwisho wake ni upofu.

Katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, madaktari walitaka kujua kama kuosha nyuso za watoto kwafaa kitu, katika nchi ile kavu ambayo maji huchotwa mbali. Vikachukuliwa vijiji 6, viwili viwili. Vyote vikapewa dawa ya mafuta ya macho, tetrasiklini, kwa siku 30. Lakini kwa kura, kijiji kimoja katika kila viwili kikafundishwa pia kwa bidii kuosha nyuso. Habari zilizotangazwa mwaka wa 1995 zilionyesha kwamba baada ya mwaka 1 trakoma kali ilikuwa haba zaidi kwa watoto wa vijiji vilivyofundishwa.

Mfano wa pili ni wa Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, mkoa wa Kilimanjaro. Dawa ya desturi ilikuwa kupaka mafuta ndani ya macho mara mbili kila siku kwa muda wa majuma 6. Nayo ni kazi ngumu, maana huwasha, na watoto huikataa. Basi watu wa Kahe Mpya, karibu wote, wakapewa dawa ya kumeza mara moja tu, azithromisini. Kope zao ziligeuzwa na kupanguswa kwa pamba kabla ya dawa, na tena mara kwa mara kwa muda wa miaka 2. Walioonekana wangali wagonjwa walipewa mafuta. Mwanzoni karibu watu 10 katika kila 100 walikuwa na vijidudu. Baada ya miezi 2 walibaki 2 katika 100, na baada ya miaka 2 alibaki 1 katika 1,000. Habari hizi zilitangazwa mwaka wa 2004.

Mahali pengine, penye ugonjwa mwingi zaidi, kumeza mara moja hakukutosha. Ndiyo sababu utafiti hufanywa mahali pengi, maana jambo lililo kweli katika kijiji kimoja halina budi kujaribiwa kwingine. Lakini angalieni, ndugu: mama aliyemshika mtoto wake akilia huku kope lake likipanguswa, alikuwa akiwasaidia watoto wa kina mama wengine asiowajua. Mtume Paulo atufundisha kwamba tu viungo vya mwili mmoja, na jicho haliwezi kusema kwamba halina haja na mkono. Hapa mkono umelihudumia jicho kweli kweli.

3. Kuhesabu gharama

Lakini Bwana wetu hakuwasifu watu waingiao katika kazi bila kufikiri. Alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Neno hili latufaa sana hapa.

Ulimwengu umekwisha kuona ubaya mkubwa. Wakati wa vita kuu ya pili, madaktari wa Ujerumani waliwajaribia wafungwa wasioweza kukataa. Walipohukumiwa huko Nuremberg mwaka wa 1947, mahakimu waliandika kanuni, na ya kwanza ni hii: mtu asifanyiwe majaribio pasipo hiari yake mwenyewe. Katika Tanzania Bara, utafiti wa afya juu ya wanadamu hauna budi kupata kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Basi kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, mtu na aulize hivi: Mwatafuta kujua nini? Kibali kiko wapi? Jicho langu litafanywa nini, na mara ngapi? Dawa hii yaweza kunidhuru vipi, na nikidhurika nani atanitibu? Jina langu litafichwaje? Nikichoka, naweza kutoka pasipo kunyimwa matibabu yangu ya kawaida? Hata jambo dogo huulizwa. Matone ya kupanua mboni, kwa mfano, hulifanya jicho lisione vizuri kwa saa kadhaa. Basi afadhali mtu aende na mwenziwe wa kumwongoza, wala asipande baiskeli. Asiyejibiwa waziwazi na akatae kwa amani. Tena mtu akidaiwa fedha ili aingie, na atahadhari.

4. Kazi ya mwalimu

Hapa, walimu wenzangu, pana hatari yetu sisi. Watu hutusikiliza. Tukisema madhabahuni, "Nendeni," mjane maskini atakwenda, hata moyo wake ukikataa, kwa kuwa aogopa kuonekana mwasi. Je, hiyo ni hiari? Sivyo. Huko ni kumburuta kwa kamba ya heshima yetu. Basi tusiandike majina ya watu bila wao kutaka, wala tusipokee zawadi kwa hesabu ya watu tuliowaleta. Kazi yetu ni kumsomea karatasi asiyejua kusoma, neno kwa neno, mpaka aeleze mwenyewe alichoelewa, na kusimama shahidi wa kweli atiapo kidole. Akikubali, tumwombee. Akikataa, tumwombee vile vile, wala tusimtazame kwa jicho baya siku ya Bwana.

Basi swali letu la kwanza lina jibu: ndiyo, yafaa, mtu akiwa ameelewa na akiwa huru. Upendo uliolazimishwa si upendo tena. Lakini mtu ahesabuye gharama, kisha akasema, "Haya, tazameni macho yangu kwa ajili ya wenzangu," huyo ametoa sadaka njema, ijapokuwa haikupita katika kikapu cha kanisa. Bwana aliyemfumbua macho kipofu tangu kuzaliwa na atufumbue sisi pia, tumwone jirani yetu.

Maswali ya kufundishia

1. Utafiti na matibabu hutofautianaje?
2. Watoto wa Kongwa na watu wa Kahe Mpya walitusaidia kujua nini?
3. Mfano wa mnara watufundisha nini kabla ya kutia sahihi?
4. Mwalimu awezaje kuwasaidia watu wake pasipo kuwalazimisha?